Kuku wa Mama Rehani

Kila nyumba ilitakiwa kufuga kuku mmoja wa serikali, kwa sababu mbu walioeneza homa ya ubongo waliuma ndege kwanza, watu baadaye. Pete ya mguuni mwa kuku ikigeuka nyekundu, familia nzima ilifungiwa kambini miezi mitatu. Dawa nazo zilikuwa huko huko.

Asubuhi moja Asumini alikuta pete ya kuku wake ni nyekundu. Jirani yake, Mama Rehani, alikuwa amekwenda kisimani. Asumini akaingia uani kwake, akabadilisha kuku.

Saa nne wakaguzi walimpakia Mama Rehani garini na mtoto wake mchanga.

“Shoga, naomba unimwagilie mchicha,” alisema akilia.

“Nitamwagilia,” Asumini alijibu bila kumtazama.

Siku ya tatu Tunu, binti yake Asumini, alishindwa kugeuza shingo. Mwili ulikuwa moto. Asumini alimbeba mgongoni hadi geti la kambi.

“Nilibadilisha kuku,” alimwambia mlinzi. “Mwenye pete nyekundu alikuwa wangu.”

Mlinzi aliangalia orodha.

“Nyumba yako ni salama, mama. Wazazi wote wanaotaka dawa wanatuambia hivyo hivyo,” alisema, akafunga geti.