Samadi ya Katikati

"Chimba hapo katikati, mama. Hapo ndipo samadi imeiva," afisa wa kilimo alisema, mkononi ana pakiti ya mbolea ya bakteria.

Nabei alikuwa ameshachimba pembeni kote mwa zizi. Zizi lilikuwa tupu tangu ukame uwafagie mbuzi, na samadi waliyoiacha ndiyo iliyolisha kabeji zake hapa Kanamkemer. Sasa majani yalikuwa ya njano, na hakuna hata kabeji moja iliyofunga.

Katikati palikuwa pagumu, peusi, pamejaa alama za kwato. Nabei alizitazama kama mtu anayetazama ukuta.

Kwao, mwenye mifugo huzikwa zizini mwake. Siku walipomlaza mumewe hapo, mbuzi walipitishwa juu yake wote, mara mbili, mpaka ardhi ikawa sawa. Afisa alikuwa mgeni, hakuna aliyemwambia.

"Bila samadi, hawa bakteria watakufa njaa tu," alisema. "Ama mwenye zizi atakataa?"

"Huyo hajawahi kuninyima kitu."

Nabei akavua viatu vyake vya akala, akaviweka kando vikiwa pamoja, akashika sepetu.