Kisanduku cha Tisa

"Kata!" Mayige alipiga kelele. "Dada Kabula, nani kakutuma umwitikie?"

Ilikuwa mara ya sita. Josia, aliyeigiza mleta habari, alikuwa akiingia tu mlangoni na kumkuta Kabula anapeta mchele, mdomo unamponyoka, anamwamkia mama kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Na Kabula naye, bila kujijua, anapiga goti na kuitikia.

"Sasa mleta msiba gani anaanza na salamu?" Mayige aliuliza. Watu wakacheka. "Josia, umekuja kuleta habari ya kifo au umekuja kuomba mke?"

Akaenda ukutani alikobandika storibodi yake, filamu nzima ikiwa imechorwa kwa penseli, kisanduku baada ya kisanduku. Kila kimoja kilionyesha nani anakaa wapi, anatazama wapi na kamera inasimama wapi. Mayige aliichora kwa miezi mitatu, na hakuruhusu hata kigoda kisogezwe nje ya mchoro.

Akagonga kisanduku cha tisa kwa kidole. Mwanaume anaingia, hasalimii, anakaa sakafuni. Mama anamtazama na kuelewa kwamba mwanawe amekufa. Ungo unamponyoka. Kamera iko nje, inachungulia dirishani. Katika kisanduku cha kumi ulikuwepo uso wa mama peke yake, mdomo wazi.

"Ukimya wa huyu mtu ndiyo habari yenyewe," alisema. "Na kilio cha kisanduku cha kumi kinatoka kwenye ukimya huo. Ukiniharibia cha tisa, sina filamu."

Pembeni alikaa Lucy, amejifunga kanga inayofanana kabisa na ya Kabula. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kabula angeshindwa leo, kesho mama angekuwa Lucy.

Na nyumbani kulikuwa na Yakobo, mume wake. Alfajiri, akiwasha pikipiki kwenda shambani Sola kutazama pamba yao, alikuwa amemwambia, "Nenda kaigize, mama sinema. Wakikurudisha, usije ukanililia." Kabula alijiapiza kwamba siku moja atamkalisha mbele ya picha hii, na siku hiyo Yakobo atakosa neno.

Saa nne, akiwa ameshika ungo, alimwona Masunga nje kupitia dirisha.

Masunga alikuwa mdogo wake Yakobo, mtu wa shamba na ng'ombe, asiyefika mjini bila sababu. Alisimama kando ya gari akizungumza na Mayige huku ametazama chini. "Nimefuatwa," Kabula aliwaza. "Yakobo amebadili mawazo, kamtuma anirudishe."

Wale wawili walizungumza kwa muda mrefu. Mayige alimshika Masunga begani, akamwonyesha mlango, akamwonyesha sakafu. Kisha akaingia ndani.

"Kaka, amenifuata?" Kabula aliuliza.

"Hapana. Nimemwomba aingie badala ya Josia. Amekubali."

"Masunga? Huyo hata kwenye harusi hukimbia kupigwa picha!"

"Ndiyo maana sijamwambia kamera iko wapi. Na wewe usimsalimie. Usimsemeshe neno. Mtazame tu."

Joakim, mpiga kamera, alikuwa bado amesimama mlangoni. "Kaka Mayige," alisema kwa sauti ndogo, "huyu dada tumwache aende nyumbani."

"Mwanga huu kesho hautakuwepo."

Kabula alikuwa amekosea mara sita, na sasa hata Joakim, ambaye hakuwa na neno baya na mtu, alikuwa amemchoka.

"Kaka Joakim, nakuomba," alisema. "Mara moja tu. Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe."

Joakim alimtazama Mayige. Akabeba kamera, akazunguka kwenda dirishani.

Masunga aliingia. Kandambili zake hazikulingana, moja nyekundu, nyingine ya bluu, na vifungo vya shati vilipishana. Kabula alishangaa jinsi Mayige alivyopanga mavazi yake kwa dakika chache vile. Salamu ilimwasha ulimini, lakini aliing'ata.

Masunga hakusalimia. Miguu yake ilikunjika tu, akakaa sakafuni, mahali palepale palipochorwa.

Kabula akamtazama. Aliyaona macho mekundu na midomo inayotetemeka, na kitu kikamshika kifuani kweli. Ungo ukamponyoka, mchele ukatawanyika. Hakusogea. Alihesabu moyoni mpaka kumi, kama alivyofundishwa, na chozi moja likamdondoka lenyewe.

Hakuna aliyesema "kata" wala aliyekohoa.

Furaha ikamzidi nguvu. Akarusha mikono juu, akacheka kwa sauti.

"Shemeji! Kumbe una kipaji umekificha zizini! Ngoja Yakobo aione hii, ataacha kuniita mama sinema!"

Masunga alimtazama anavyocheka, kama mtu anayemtazama mgeni asiyemfahamu. Kisha akageukia dirisha, ambako Mayige alikuwa amenyoosha mkono.

"Huyu ndugu nimemweleza yote," Masunga alisema. "Akaniambia nisikusemeshe mpaka anyooshe mkono, ili habari ikufikie taratibu. Shemeji, Yakobo hatunaye tena."