Mgeuzeni Sudi

Sudi, mwanzilishi wa chama cha wapenzi wa hadithi za kisayansi, alipofariki, wenzake hawakutaka kumuaga. Kila walipokutana walibuni na kusimulia kipande kipya cha hadithi ya safari yake angani, chombo chake kikizidi kwenda mbali. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akija kusikiliza.

Baada ya muda waliamua, katika hadithi hiyo, kumrudisha nyumbani.

Alasiri moja Bi Mwanaidi aliingia mkutanoni akitweta, akamshika mkono Zulekha, msimulizi wao.

“Mwanangu, mgeuzeni.”

“Mama, sisi tulidhani utafurahi.”

“Tangu mmeanza kumrudisha, kila alfajiri nasikia hodi. Sauti ni yake. Leo nusura nifungue. Kitasa kilikuwa kimeganda barafu.”

Hakuna aliyecheka. Zulekha alifumba macho, akaanza kusimulia: Sudi ameshika usukani, anakigeuza chombo, taa za mji zinabaki nyuma. Hapo akakatiza, akafuta machozi.

“Endelea,” alisema Bi Mwanaidi. “Usimwache njiani.”

Zulekha akaendelea. Bi Mwanaidi alisogea dirishani, akainua mkono kuaga anga tupu, kisha akaushusha upesi, mwanawe asije akadhani anaitwa.