Samaki Wasiovuta Hewa

Mtafiti wa Kizungu aliuchana ukurasa wa kumbukumbu za majaribio mbele ya msaidizi wake, Projestus, aliyeuandika, akaukunjakunja kama karatasi ya karanga.

"Mwongo! Samaki gani huyo, akae saa mbili bila hewa asife? Ulilala, ukajiandikia tu."

Damu ilimchemka Projestus. Siku tatu mfululizo, ndani ya banda la bati pale Kunduchi, hakuyabandua macho kwenye chupa za samaki wa majaribio. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka chemchemi za maji moto za jangwa la magadi. Kila maji yao yalipopashwa, matamvua yao ya kupumulia yalitulia na kipimo kilionyesha hewa ya chupani haikupungua, nao wazima.

"Sikulala, bwana."

"Toka! Kesho usije."

Projestus hakutoka. Alichota samaki mmoja, akamtia kwenye chupa ya maji yaliyopashwa, akaiziba kwa nta. Matamvua yalipiga mara tatu, yakasimama. Mkia ukaendelea kupepea taratibu.

Alivuta kiti, akakibwaga mbele ya Mzungu.

"Kaa. Saa unayo mkononi. Hesabu mwenyewe."

Uso wa Mzungu uliiva kwa hasira. Kisha akakaa, akaitazama saa yake.