Karibu ya Tatu

Kila mlango mjini una taa. Ikiwaka kijani, nje kuna mtu. Ikiwaka nyekundu, hakuna. Ukiitikia "Karibu!" mara tatu taa ikiwa nyekundu, unapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili.

Bi Mgeni alishaitikia mara mbili hodi za marehemu mumewe. Isitoshe, alikataa chakula akidai mkwewe, Sabra, anamtilia sumu. Sabra hakununa. Alimbembeleza akatoa mkojo, akaupeleka zahanati, akarudi na jibu: ana maambukizi, na kwa wazee hayo huvuruga akili.

Dozi ya dawa ilipokwisha, mkaguzi wa taa, macho yamemvimba, akaja kumjaribu Bi Mgeni. Alisema hajalala siku tatu kwa wingi wa nyumba za kukagua. Bi Mgeni akawa anakula ubwabwa wa Sabra kwa raha zake.

"Karibu!"

Taa ilikuwa nyekundu. Sabra aligeuka haraka. Mdomo wa Bi Mgeni ulikuwa umejaa wali.

Aliyeitikia ni mkaguzi.

Bi Mgeni akameza, akapiga kigelegele hadi majirani wakasikia. Kisha akamsogezea mto. "Lala kidogo, mwanangu. Sisi hatukusikia kitu."

"Ni mara yangu ya tatu, mama," mkaguzi akanong'ona.