Kijiti cha Eino

Eino Kallio alikitazama kijiti chake cha kupimia petroli ya ndege, akamlaani mbwa wa kambi aliyekitafuna ncha ya chini usiku, akatoa kisu na kuikata ile sehemu iliyoharibika. Upana wa vidole viwili tu, kikawa safi tena. Kipande kikaanguka sakafuni karibu na jiko, kwenye maganda ya mayai.

"Miaka ishirini na sita," alimwambia Raili, binti wa dada yake. "Hakijanidanganya hata siku moja. Geji ni za watu wanaoogopa kupanda bawani."

Namba za galoni alizichoma mwenyewe kwa msumari wa moto: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Unafungua kifuniko juu ya bawa, unakizamisha mpaka kiguse chini ya tangi, unakitoa na kusoma palipolowa. Eino alidharau vitu vingi duniani, lakini dharau yake tamu aliitunza kwa geji, pampu na watu waliojifunza urubani darasani. Ndege yake haikuwa na pampu. Petroli ilikaa kwenye mabawa, injini ikakaa chini yake, na petroli ikateremka kwa uzito wake yenyewe. "Mto unahitaji pampu?" aliwauliza wote waliomtajia mitambo mipya, kisha akatema mate ziwani kabla hawajajibu.

Ndege ilikuwa imefungwa gatini, ikielea ziwani kwa maboya yake. Eino alipanda, akapima bawa la kushoto, akapima la kulia.

"Kumi na tano huku, kumi na tano kule. Safari inakula galoni kumi na mbili kila bawa. Tunakunywa kahawa, tunaondoka."

Raili alikuwa ndani, macho kwenye geji. "Huku zinasoma kumi, mjomba. Zote mbili. Kwa nini tusichukue petroli kidogo kwa Bi Aune?"

"Kwa Aune!" Eino aliangua kicheko. Petroli ya Bi Aune, mwenye kambi, aliiita maji ya kuoshea sufuria, na hakuwahi kuitia kwenye ndege yake. "Sikiliza wewe msomi. Injini ikikohoa njiani, hata mara moja, ndege ni yako, mimi nikavue samaki. Tukifika salama, unafungasha na kurudi mjini Thunder Bay ukaoshe vikombe. Na ukilitaja tena neno petroli, nakuacha hapa na mbu."

Kwa miaka miwili Raili alikuwa amebeba mizigo ya ndege ile, ameiosha na kuipaka rangi, akingoja siku atakayoachiwa usukani. Alichukua glavu zake, akateremka gatini.

Eino alikula chapati za maji saba, akazimiminia asali, akamsimulia Bi Aune jinsi shule zinavyoharibu watoto wa watu. Raili aliingia mara moja, akainama karibu na jiko kana kwamba ameangusha kitu, akatoka bila kula.

"Anakwenda kusali," Eino alisema, akacheka peke yake.

Aliporudi gatini alikuta madebe mawili mekundu njiani. Aliyapiga teke, yakalia matupu. Kambi ya hovyo, watu wake wa hovyo. Raili alikuwa ameshakaa kitini na kujifunga mkanda, mikono ndani ya glavu.

"Unanuka kama taa ya chemli," Eino alimwambia.

"Mjomba, kile kijiti chako..."

Eino aliinua kidole kumkatiza.

Ndipo Eino alipozitazama geji. Kumi na tano. Zote mbili. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ona! Zimeona aibu! Zimenisikia nikisema, zikajirekebisha. Hata bati lina adabu kuliko wewe."

Raili alifunga mlango wa upande wake.

Walipaa. Chini yao kilitanda kinamasi na miti iliyokufa ikiwa wima, na kwa saa nzima ya mwisho hapakuwa na ziwa hata moja la kutua ndege. Eino alipiga mluzi. Raili alizikodolea geji zikishuka, mkono wake wa kulia umefumba kitu ndani ya glavu. Injini haikukohoa.

Walipotua, wavuvi watatu walikuwa wamesimama gatini, na Eino hakuwa mtu wa kushinda bila mashahidi. Alipanda bawani, akazamisha kijiti, akakiinua juu wote wakione.

"Nane! Zimebaki nane! Huyu mpwa wangu leo asubuhi alitaka kunirudisha darasani. Geji yake inasema ngapi sasa? Sema, binti, wasikie."

"Tatu," Raili alisema.

"Tatu!" Wavuvi wakacheka pamoja naye. "Ningemsikiliza, tungekuwa bado kambini tunahesabu mbu. Haya, waambie nani alikuwa sahihi."

"Tumefika, mjomba."

"Hilo silo nililouliza. Lakini basi. Fungasha."

Begi la Raili lilikuwa tayari begani. Alinyoosha mkono, akakichukua kijiti kutoka kwa mjomba wake, akakilaza taratibu juu ya mbao za gati. Kisha akavua glavu ya kulia, akaikung'uta, kikadondoka kipande cha mti cha vidole viwili chenye alama za meno ya mbwa. Akakisogeza kwa kidole mpaka kikagusa ncha ya kijiti. Vikakutana sawasawa.

Wavuvi wakainama kutazama.

"Niliongeza galoni kumi, tano kila bawa," Raili alisema, akigeuka kuondoka. "Bi Aune anataka madebe yake yarudi yakiwa yamejaa."