Kapu Lililolindwa na Fuko

Kanga aliweka kapu la mtama mlangoni kwake, la kuwasaidia wenye njaa. Kila aliyetoa, Kanga alimtangaza kijiji kizima: "Ngiri kaleta debe! Panya katoa punje mbili!" Aliyekuja kuchukua naye alitangazwa vivyo hivyo. Mwezi haukuisha, kapu likabaki tupu.

"Majirani gani hawa, wabahili kupindukia!" Kanga akafoka.

"Si wabahili," akasema Fuko, ambaye haoni. "Nasikia nyayo zao zinafika hapa, zinasita, kisha zinarudi. Nipe mimi kapu nililinde."

"Kipofu wewe, utalinda nini?"

"Stara yao."

Kanga akacheka, lakini akampa. Fuko akaketi kando ya kapu, na kila aliyetia mkono, wa kutoa au wa kuchukua, alimwambia, "Asante, jirani." Zikaja punje mbili, zikaja konzi, kapu likajaa.

Kiangazi kilipokaza, vifaranga vya Kanga vilishinda na njaa siku mbili. Siku ya tatu Kanga akaja, kwa mara ya kwanza bila kelele, akatia bawa kapuni, akachota.

"Asante, jirani," akasema Fuko.